Uliza ujibiwe: simu iliyozama ziwani, betri ya taa za dagaa na kadi ya bei chee

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Jana asubuhi nikishuka mtumbwini simu ilinichomoka mfukoni, ikazama kama dakika tatu. Muuzaji aliniambia simu hii haiingii maji. Nimeifukia kwenye mchele. Inawaka, ila nikichomeka chaji inaandika kuna unyevu. Nisubiri au niende kwa fundi? (Mvuvi, Kayenze)

JIBU: Pole sana, ndugu. Kwanza izime, sasa hivi. Maji peke yake hayaui simu haraka. Kinachoiua ni maji yakikutana na umeme. Ziwa letu la Victoria halina chumvi kama bahari, lakini maji yake yana madini na tope, na hayo yanatosha kupitisha mkondo. Umeme ukipita kwenye unyevu, shaba inaanza kuliwa na kuota ukoko wa kijani. Ndiyo maana simu nyingi zinawaka vizuri siku ya kuzama, kisha zinakufa wiki ya pili.

Itoe kwenye mchele. Mchele haufyonzi maji yaliyo ndani ya simu, na unga wake unaingia kwenye tundu la chaji na kugeuka uji. Apple wenyewe wanawakataza wateja wao kufanya hivyo. Toa kava na laini, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha igongegonge taratibu kwenye kiganja, tundu la chaji likitazama chini. Isimamishe hivyo hivyo mbele ya feni au dirishani penye upepo wa ziwa. Kwa simu iliyozama kabisa, ipe saa 48. Usiipulize kwa mdomo, maana unayasukuma maji ndani zaidi. Usiianike juani juu ya bati wala usitumie draya ya saluni: joto linalegeza gundi inayoziba simu na kuidhuru betri.

Ule ujumbe wa unyevu ni ulinzi. Simu imekata umeme kwenye tundu ili lisiungue. Kubadilisha waya mpaka upate unaokubali ni kuichoma kwa mikono yako.

Kuhusu maneno ya muuzaji, tazama boksi. Ukikuta IP67, maana yake imejaribiwa kwa mita 1 ya maji kwa dakika 30. IP68 inapita hapo, na watengenezaji wengi hutaja mita 1.5 kwa muda huo huo. Lakini majaribio hayo hufanywa kwa simu mpya, kwenye maji safi yaliyotulia. Simu iliyowahi kufunguliwa kubadilishwa kioo ihesabu kuwa haina tena kinga hiyo, labda fundi awe ameweka gundi mpya pande zote. IP54 ni ya matone na manyunyu tu.

Chungulia ndani ya tundu la laini. Simu nyingi zina kibandiko cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Kikiwa chekundu, usingoje: nenda kwa fundi, umwombe achomoe betri kabla ya kitu kingine chochote, kisha asafishe bodi kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Fundi anayetaka kuipuliza kwa hewa ya moto tu, mshukuru uondoke; maji yatakauka, madini yatabaki palepale. Ikishawaka salama, hamisha picha na namba siku hiyo hiyo.

SWALI: Shikamooni. Vijana wangu wanachaji simu kwenye betri ya taa za dagaa, volti 12, ampea-saa (Ah) 7, na taa zinafifia kabla ya alfajiri. Paneli ni wati 20. Mmoja aliunga waya wa simu moja kwa moja kwenye paneli, simu ikafa. (Mama mwenye mtumbwi, Igombe)

JIBU: Marahaba, mama. Hesabu ndiyo inayosema. Volti 12 mara Ah 7 ni wati-saa 84, yaani umeme wote uliomo ikijaa, na betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inazeeka ndani ya miezi michache. Una wati-saa 42 za kutumia usiku. Simu yenye betri ya mAh 5,000, pamoja na umeme unaopotea njiani, inakula kama 25. Simu moja tu imeshamaliza zaidi ya nusu ya umeme wa taa!

Simu zichajiwe mchana, jua likiwa kali na paneli ikizalisha, na betri iachiwe taa. Katika saa tano za jua zuri paneli ya wati 20 inatoa takriban wati-saa 70 baada ya upotevu: zinatosha betri na simu moja. Simu tatu kila siku zinadai paneli kubwa zaidi.

Ile simu imekufa kwa sababu paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa hadi volti 18 na kuzidi, wakati simu inategemea 5. Nunua chaja ya gari yenye tundu la USB, iunge kwenye betri, nyekundu kwa chanya, na weka fyuzi ya ampea 3 karibu na betri. Waya uliochubuka ndani ya mtumbwi wenye maji ni moto unaosubiri.

SWALI: Nimenunua memori kadi ya GB 512 kwa shilingi 10,000. Picha za zamani zinagoma kufunguka. (Mwanafunzi, Nyegezi)

JIBU: Ni feki. Ndani kuna kumbukumbu ndogo, pengine GB 8 au 16, iliyochezewa ijitangaze kuwa 512. Ikijaa, faili jipya linaandikwa juu ya la zamani, na picha hizo hazirudi. Hamisha zilizo nzima, kisha ipime kwa kompyuta ukitumia programu ya bure ya H2testw, inayoijaza kadi yote na kuisoma upya. Usishtuke kadi halali ya GB 64 ikionyesha kama 59 kwenye kompyuta. Hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu.

SWALI: Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unanichosha. (Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba)

JIBU: Usiujibu. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha utaombwa namba iliyokutumia. Ukiwa hapo, piga pia *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda ikafungwe kwenye duka la mtandao husika ukiwa na namba yako ya NIDA.