Je, barafu ya Kibo inatunza hewa ya zamani?

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Mhariri, salamu kutoka Marangu. Mimi ni mwongoza watalii. Mgeni mmoja aliniambia kwamba mwaka 2000 wanasayansi walitoboa barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, na kwamba barafu ya milimani hutunza hewa ya kale ndani ya viputo, sawa na viputo vyeupe vya barafu tunayogandisha kwenye friji. Je, hewa ya Kibo ilipimwa? Na hewa hiyo hutolewaje bila kuchanganyika na hewa ya chumbani?

Jibu: Ndugu yetu, sehemu ya kwanza ya habari hiyo ni kweli. Mwaka 2000 kikosi cha Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kilitoboa kwa keekee maalumu miche sita ya barafu, yaani vipande virefu vyembamba kama nguzo, hadi kwenye mwamba. Mrefu kuliko yote ulikuwa wa takriban mita 50, na watafiti hao walikadiria kwamba barafu ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Waliyoyasoma ndani yake ni mambo kama isotopu za oksijeni (aina za oksijeni zinazotofautiana uzito), vumbi na chumvi. Historia ya hewa ukaa inayotajwa vitabuni haikutoka Kibo. Imetoka Antaktika, na sababu yake inalijibu pia swali lako la friji.

Maji ya bomba yana hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo yanapoganda huisukuma hewa hiyo nje, ikajikusanya katikati ya kipande na kuonekana kama ukungu mweupe. Hewa hiyo imekwisha kupita majini, na maji hayazipokei gesi zote kwa usawa. Kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, hewa ukaa huyeyuka majini takriban mara 70 zaidi ya naitrojeni. Kwa hiyo kiputo cha friji hakiwezi kukueleza uwiano wa gesi uliokuwamo hewani.

Barafu ya Antaktika hutengenezwa bila maji. Theluji huanguka ikiwa kavu, na hewa hupita kati ya chembe zake kama ipitavyo kati ya punje ndani ya gunia la kahawa. Mwaka baada ya mwaka theluji mpya huilemea ile ya zamani, nafasi zinabanwa, hata kwenye kina cha kati ya mita 50 na 120 hivi matundu ya mwisho yanafunga na hewa inabaki ndani, haijaguswa na tone la maji. Linganisha na Kibo, ambako unene wote wa barafu haufiki mbali kuliko mwanzo wa kina hicho, tena jua la ikweta huyeyusha uso wa barafu mchana na baridi ya usiku ikaugandisha upya. Sisi wa Moshi tunaoitazama ikifunguka mawinguni alfajiri tunaiona nyeupe na kavu, lakini wewe unayeikanyaga bila shaka umeyaona maji yakichuruzika kwenye kingo zake. Hewa iliyopita katika maji hayo ni shahidi aliyekwisha kurubuniwa. Barafu hiyo ina habari nyingine za thamani kubwa, na inasikitisha kwamba eneo lake lilipungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya tatu mwaka 2000.

Sasa tuingie maabara. Kipande hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri, na kabla ya kupimwa hukatwa milimita kadhaa za nje, kwa kuwa tabaka hilo huenda limepoteza gesi au limeguswa na kimiminika cha kutobolea. Kisha huwekwa ndani ya chombo cha chuma kilichopozwa, kifuniko kinabanwa, na pampu inaondoa hewa yote ya chumbani mpaka libaki ombwe. Hapo ndipo barafu inapovunjwa, hivyo kitakachotoka ni cha viputo peke yake. Katika maabara ya Bern, Uswisi, hupondwa kwa sindano za chuma. Nchini Australia hutiwa ndani ya pipa lenye meno ya kukwangulia na kutikiswa. Yeyote aliyewahi kukalia mbuzi na kukuna nazi ataielewa kazi hiyo mara moja. Hewa inayotoka hupitishwa kwenye mtego wa baridi kali unaounasa mvuke, kisha huingia kwenye kipimo.

Kiasi kinachopatikana ni kidogo mno. Gramu moja ya barafu hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita ya hewa, kwa hiyo gramu 50 hutoa mililita tano, yaani ujazo wa kijiko cha chai. Ndani ya kijiko hicho, ikiwa hewa ni ya kabla ya enzi ya viwanda, methani ni kama sehemu 700 kwa kila sehemu bilioni. Kwa sababu hiyo uvujaji mdogo kabisa kwenye kiungio cha bomba unaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Ili kujihakikishia, mafundi huweka ndani ya chombo barafu safi isiyo na kiputo hata kimoja, wakaongeza gesi ambayo viwango vyake vinajulikana, na kurudia hatua zote. Jibu likizidi kile walichoweka, ziada hiyo imezaliwa na mitambo yao wenyewe na ni lazima iondolewe katika hesabu. Binafsi naiheshimu hatua hii kuliko mashine zenyewe.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi mjini. Kwa nini wasiiyeyushe tu barafu hiyo ndani ya ombwe, ambapo hewa ingetoka yenyewe bila kupondwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Huyeyushwa, ila si kwa kila gesi. Methani huyeyuka majini zaidi kidogo ya mara mbili ya naitrojeni, kasoro inayoweza kusahihishwa, na maji yakigandishwa tena polepole huirudisha nje karibu yote. Baadaye gesi hutenganishwa kwa kromatografia na kuhesabiwa moja moja. Siku hizi zipo pia maabara zinazouyeyusha mche taratibu juu ya bamba la moto, hewa ikachujwa na kupimwa papo hapo kwa leza.

Hewa ukaa ndiyo isiyovumilia maji. Mbali na kuyeyuka kwake, barafu ina vumbi lenye kabonati, na ukikumbuka somo la asidi na kabonati utaona hatari iliyopo: maji yakizikutanisha, huzaliwa hewa ukaa mpya ambayo haikuwamo angani. Barafu ya Grinlandi ina vumbi na asidi za kutosha kuharibu kumbukumbu hiyo hata bila kuyeyushwa, na ndiyo maana vipimo vya hewa ukaa vinavyoaminika hutoka Antaktika. Huko, kwenye mche wa Dome C wenye zaidi ya mita 3,200, hewa ukaa katika miaka 800,000 ilipanda na kushuka kati ya sehemu 170 na 300 hivi kwa milioni. Leo imepita 420.

Swali: Tunajuaje kwamba viputo havidanganyi? (Msomaji wa Arusha)

Jibu: Kwa kuvilinganisha na vipimo vya moja kwa moja. Hewa ukaa imekuwa ikipimwa mfululizo Mauna Loa, Hawaii, tangu mwaka 1958. Mahali paitwapo Law Dome, Antaktika, theluji huanguka kwa wingi na kuifungia hewa mapema, hivyo viputo vyake vinafika hadi miaka ya 1970, na pale rekodi hizo mbili zinapokutana zinakubaliana. Jambo moja la kuangalia ni kwamba hewa ni changa kuliko barafu inayoizunguka, kwa sababu matundu hufunga muda mrefu baada ya theluji kuanguka: miongo michache Law Dome, maelfu ya miaka kule ambako theluji ni haba.

Mwanafunzi wetu wa Moshi anaweza kujaribu nyumbani. Chemsha maji, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, yagandishe kando ya maji ya bomba yasiyochemshwa, kisha ulinganishe weupe wa vipande hivyo viwili.