Igawe kwa aina za data, si kwa idadi ya mistari
Umeuliza kama pakeji (kifurushi cha msimbo) yako moja kubwa ya Ada, lugha ya programu, uigawe. Igawe, ila usihesabu mistari. Kila aina kuu ya data ipate pakeji yake pamoja na operesheni zake, na muundo wake wa ndani uufiche chini ya `private`, sehemu ambayo watumiaji wa pakeji hawaifikii. Ukibadilisha rekodi baadaye, msimbo unaotumia pakeji hiyo utahitaji kukompailiwa upya tu.

Ninachokipenda zaidi ni pakeji za watoto, yaani zinazotangazwa chini ya pakeji mzazi, zilizoingia na Ada 95. Kwa mfano, utekelezaji wa `Ghala.Ripoti`, mtoto wa `Ghala`, unaiona sehemu ya `private` ya `Ghala`, kwa hiyo unaongeza kazi mpya bila kumgusa mzazi wala kuanika siri zake kwa wengine. Pakeji saidizi ya ndani itangaze hivi: `private package Ghala.Faharasa`, na kompaila itamkatalia yeyote asiye wa familia hiyo.

`with` (tamko la kutumia pakeji nyingine) zinazohitajika kwenye utekelezaji pekee ziweke kwenye `.adb`, faili ya utekelezaji, si `.ads`, faili ya tamko la pakeji. Pakeji mbili zikitegemeana kwenye `.ads`, kompaila itagoma. Hilo likitokea, mara nyingi kuna aina ya tatu ya data inayostahili pakeji yake. `Limited with` ya Ada 2005, inayoruhusu kutegemeana huko, iwe njia ya mwisho.