Muulize Fundi: Soksi za shule zinatoboka kisigino

Shikamoo fundi. Mwanangu anasoma bweni huko Njombe, na baridi ya Juni unaijua. Soksi zake zinatoboka kisigino kila muhula. Likizo iliyopita nilizishona kwa uzi wa cherehani, nikakaza vizuri, lakini amerudi na malengelenge. Nifanyeje? Kununua nimechoka.
Mama wa Kidato cha Pili, Makambako

Marahaba, mwanangu. Malengelenge yameletwa na lile tuta la mshono wako. Ukikutanisha kingo za tobo na kukaza, kitambaa kinajikunja, na mtoto anaukanyaga mkunjo huo kutwa nzima. Tena soksi huvutika, uzi wa cherehani hauvutiki. Mwisho unaikata soksi yenyewe. Tobo la soksi halifungwi, linajazwa.

Tafuta uzi wa sweta. Kama lipo sweta lake la shule lililochakaa, fumua mkono mmoja, hata rangi itaoana. Sindano iwe ya kudarizi, yenye tundu kubwa. Ndani ya soksi ingiza kitu cha mviringo. Wazee walitumia balbu iliyoungua, ila mimi vioo sivitaki karibu na sindano. Mpira wa tenisi unatosha. Kisigino kikae juu yake bila kuvutwa.

Usipige fundo, fundo nalo linachubua. Acha mkia wa uzi, anza kama sentimita 1 kabla ya tobo, pale kitambaa kilipo kizima. Piga bandi ndogondogo, yaani sindano izame na kuibuka kwa mstari mmoja, vuka tobo, endelea ng'ambo, kisha rudi sambamba. Kila unapogeuza acha kitanzi kidogo, ili uzi ukisinyaa kwa kufuliwa usiikunje soksi. Nyuzi za wima zikishajaa, pitisha za ulalo: juu, chini, juu, chini, na mstari unaofuata uwe kinyume, kama usukavyo mkeka. Zisukume kwa ncha ya sindano zibanane. Mikia ipenyeze kwenye mishono, ukate.

Soksi iliyobaki tobo tupu kisigino kizima usihangaike nayo, ifanye dasta. Ile iliyoanza kuonyesha ngozi ndiyo ya kuwahi.

Halafu kagua viatu. Kama ulimnunulia vikubwa ili akue navyo (nyote mnafanya hivyo), kisigino kinapanda na kushuka humo ndani na kuisaga soksi. Mtilie soli ya ndani kabla hajarudi shule.