Chenso inayozima ukibana mafuta

Mkuu, umesema chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) inawaka na kutulia vizuri, ila ukibana mafuta tu inazima, tena inatoa unga badala ya vipande vya mbao, na ilikaa stoo tangu masika. Usikimbilie kununua kabureta (kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa). Mwaga hayo mafuta ya zamani, uchanganye mapya: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili ya tustroki, ile ya kuchanganya na petroli (ndiyo ile 50 kwa 1, sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili), utikise dumu.

Kisha chukua waya, kunja ncha kama ndoano, vuta kichujio kilichomo ndani ya tangi. Changu kilitoka cheusi, kinateleza kama kamasi. Nilibadilisha hicho tu, mashine ikarudi kazini. Kagua na mpira wa mafuta, hupenda kupasuka pale unapopita kwenye tangi, ukaanza kuvuta hewa.

Bado? Kung'uta kichujio cha hewa, angalia na kile kiwavu cha ekzosi kama kimejaa masizi. Skrubu za kabureta ziache za mwisho kabisa, wengi ndipo tunapoharibia.

Hilo la kutoa unga badala ya vipande vya mbao halihusiani na injini. Mnyororo umekuwa butu, tafuta tupa la duara linaloendana na meno yake.