Maswali yenu: Tangi na pampu zanyamaziana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Malindi, nimeunda kontrola ya pampu ya kisima, sensa ya tangi iko juu ya dari, zaongea kwa redio. Tangi likituma "nimejaa" lasubiri jibu, saa ingine zote zanyamaza mpaka nizime niwashe. Mwenzangu asema nichore neti ya Petri, ndo nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni mchoro wenye jina la Mjerumani Carl Adam Petri, misingi yake iko kwa tasnifu yake ya 1962. Duara ni hali, kijiti ni tukio, mishale yaunganisha, na tukio hutokea tu kama kila duara linaloliingia lina kete (kitone cha kuonyesha hali hiyo iko sasa), basi lazila hizo na kuweka zingine kwa maduara ya mbele. Sasa chora "tangi lasubiri jibu", "pampu yasubiri ujumbe" na "ujumbe hewani", halafu, na hapa ndo wengi huruka, ongeza tukio la ujumbe kupotea, linalokula kete ya "ujumbe hewani" bila kuweka kitu. Utaona zote mbili zasubiri na hakuna tukio linaloweza kutokea, huo ndo mkwamo wako! Weka tukio la muda kuisha, tangi litume tena. Ila neti ya kawaida haina saa, yaweza kutuma tena hata ujumbe wa kwanza haujapotea, so kila ujumbe mpya upe namba 0 na 1 kwa zamu, pampu ijue marudio.