Aliposema "Ndoo"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, naishi Malindi. Mamangu huuza samaki wa kukaanga, na hakuwahi kusoma. Nilipokuwa darasa la nne nilimfundisha kuandika jina lake kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni, hadi akaweza kutia sahihi katika daftari la chama chao. Tangu hapo nataka kufundisha shule ya msingi. Mjomba asema hizo ni kumbukumbu za utoto tu, na kwamba mwanamume hafai kukaa na watoto wa darasa la kwanza. Wewe ni nini kilichokuingiza kwenye ualimu?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Mimi ni mzaliwa wa Matondoni, kisiwani Lamu. Bibi aliyenilea alisuka ukili mchana kutwa, na Kiamu chake, Kiswahili cha kwetu Lamu, ndicho nilichoingia nacho shuleni. Siku moja, darasa la kwanza, mwalimu aliyetoka mbali alinitazama akasema, "Ndoo!" Kwetu neno hilo ni "njoo". Nikainuka, nikaenda kusimama mbele yake. Kumbe alitaka nimletee ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni. Akadhani namchezea, akanichapa viboko viwili vya mkononi. Wiki hiyo hiyo daftari langu likarudi na maneno matatu yamekatwa kwa wino mwekundu: kitwa, mato, maino, yaani kichwa, macho, meno. Bibi alilitazama, akauliza, "Kwani yeye hayaoni mato yako?"

Sikufungua kinywa darasani hadi mwaka ukaisha.

Darasa la tatu tukapata mwalimu mwingine. Huyu aligawa ubao kwa mstari wa chaki: huku "nyumbani", huku "kitabuni". Mato, macho. Ndia, njia. Moya, moja. Kisha akataka tujazie wenyewe. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Ndoo." Wenzangu walicheka. Yeye akaliandika, na mkabala wake akaandika "njoo". Akatueleza kwamba mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa wakachagua Kiunguja, cha Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni, ila Kiamu ndicho malenga Mwana Kupona alichotungia utendi wa kumuusia bintiye. Nilikimbia nyumbani kumwambia bibi kuwa maneno yake yameandikwa ubaoni. Aliweka ukili chini.

Mwalimu huyo alikuwa mwanamume. Mwambie mjomba, kwa heshima zake zote.

Kumbukumbu yangu ilinifikisha chuoni, enzi zetu tukisomea cheti cha P1, cha ualimu wa shule ya msingi, kwa miaka miwili. Nyinyi sasa mnasoma diploma ya miaka mitatu. Huko nilijifunza kupanga somo. Lakini kumtambua mtoto aliyenyamaza kwa woga, huyo nilimjua kabla sijaingia chuo, kwa sababu nilikuwa yeye. Viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001 nilishukuru sana. Na mpaka leo, mtoto akinijibu neno nisilolitarajia, kwanza namuuliza: kwenu mwaitaje?

Kwa hivyo hiyo sakafu ya jikoni usiidharau, ila itazame vizuri. Mamako alikwama kwenye herufi gani? Ulifanya nini alipokwama, ulimshika mkono au ulifuta ukaanza upya? Alipotaka kuacha, ulimwambia nini? Niandikie tena unijibu hayo, maana hapo ulikuwa tayari unafundisha.