Beto inaelea, lakini daraja Bukavu mpaka Idjwi?

Yaya, unauliza kama beto inaweza kuelea na kama tunaweza weka daraja ya vile toka Bukavu mpaka kisiwa ya Idjwi, mu ziwa Kivu. Inaelea kabisa, daraja inakaa juu ya pontoni, ni sanduku ya beto yenye iko tupu ndani, maji inaibeba sawa vile inabeba bato ya chuma. Ile daraja ya Seattle kule Marekani, Evergreen Point, ilifunguliwa 2016, iko na urefu wa mita 2,350 hivi, pontoni 77, zinashikwa na kamba za chuma zenye nanga chini ya ziwa. Sasa Kivu yetu upande wa Goma kina inapita mita 400, ila Norway wako na daraja ya Nordhordland tangu 1994, maji yao inafika ku mita 500 na hawakuweka nanga katikati, walipinda daraja kama upinde ikashikwa ku ncha mbili tu, na ngambo moja wakaiinua juu meli zipite (bila ile mabato ya Goma yatapita wapi?). Ya kuogopa ni maji kuingia ndani: Novemba 1990, hapo hapo Seattle, daraja ingine ya kuelea ilikuwa mu matengenezo, pontoni zikabaki wazi, dhoruba ikapiga, ikazama.